Fremu Iliyokatika Shingoni

Fremu ya pikipiki hubeba vitu viwili visivyopatana: injini inayotetemeka bila kupumzika, na magurudumu mawili ambayo lazima yabaki kwenye mstari mmoja hata barabara ikiwa ya mashimo. Pahali panapopata taabu kuliko pote ni shingo, yaani bomba fupi la mbele ambamo mhimili wa usukani huzunguka juu ya beringi. Gurudumu la mbele likigonga shimo, au breki ya mbele ikikamatwa kwa nguvu, uma wa mbele hugeuka mtaimbo unaoikunja shingo. Mkono wa nyuma, unaoshika gurudumu la nyuma, ukipata ufa, dereva huhisi pikipiki ikiyumba mkiani na mara nyingi hupata nafasi ya kusimama. Shingo ikikatika nafasi hiyo haipo, kwa kuwa usukani, gurudumu la mbele na breki yenye nguvu zaidi huachana na pikipiki kwa mara moja. Historia ya fremu, hasa katika viwanda vya Uingereza kati ya 1945 na 1971, kwa sehemu kubwa ni historia ya sehemu hiyo moja.

Chuma hakikatiki kwa mzigo mkubwa tu. Mwaka 1842 treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris ilipata ajali baada ya ekseli ya kichwa chake kukatika, na watu zaidi ya 50 wakafa. Ekseli ile ilikuwa imebeba mzigo wa aina ileile kwa muda mrefu bila tatizo. Katika miaka ya 1850 na 1860, August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, alizipima ekseli kwa kuzipa mzigo mmoja mara mamilioni, akaonyesha kwamba chuma hukatika chini ya mzigo mdogo kuliko ule unaoweza kukivunja kwa pigo moja, mradi mzigo huo urudiwe vya kutosha. Wahandisi huita hali hiyo uchovu wa chuma. Ufa huanzia penye kasoro ndogo: kona kali, tundu la skrubu, au mwisho wa mshono wa kuchomelea. Hutambaa polepole chini ya rangi, ukila unene wa bomba, hadi siku sehemu iliyobaki inaposhindwa kuubeba mzigo wa kawaida na kukatika ghafla.

Pikipiki ni mashine ya kuchosha chuma. Injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huzipandisha na kuzishusha pistoni zake mara 100 kwa sekunde. Kwa saa moja ya mwendo huo fremu hutikiswa mara 360,000, na mitikisiko milioni moja hutimia kabla ya saa tatu kupita. Reli ilihitaji miaka kuifikisha ekseli hapo; dereva wa pikipiki anaweza kufika kabla ya chakula cha mchana.

Mwanzoni mambo hayo hayakuwa na uzito, kwa sababu injini zilikuwa dhaifu. Pikipiki za kwanza zilikuwa baiskeli zilizoongezewa injini popote palipopatikana nafasi. Ndugu Michel na Eugène Werner, wenye asili ya Urusi, waliokuwa na karakana Paris, waliiweka injini juu ya gurudumu la mbele mwaka 1897; mwaka 1901 wakaihamishia chini, katikati ya magurudumu mawili, pahali ambapo baiskeli ina pedali. Mpangilio huo ndio uliobaki hadi leo. Huko Milwaukee, Marekani, waanzilishi wa Harley-Davidson nao walianza na fremu ya umbo la baiskeli mwaka 1903, wakaiacha mara moja kwa fremu nzito zaidi ya bomba lililokunjwa kuizunguka injini.

Fremu hizo ziliungwa kwa namna ambayo viwanda vingi vya Uingereza viliendelea nayo kwa zaidi ya nusu karne. Fundi alikata mabomba, akayasukumia ndani ya soketi za chuma cha kusubu, akayashikiza kwa pini, kisha akaipasha moto shingo nzima pamoja na soketi zake mpaka ikawa nyekundu na shaba njano ikayeyuka na kupenya kati ya soketi na bomba. Kazi hiyo haikuhitaji mitambo ya gharama, na kosa la vipimo lilifichwa na shaba. Ubaya wake ulikuwa wa namna mbili. Moto ukizidi, bomba lililo kando ya soketi hulainika na kupoteza nguvu. Tena pale soketi nene inapoishia na bomba jembamba linapoanza, mzigo hukusanyika kwenye ukingo mmoja, na ufa hupenda pahali kama hapo. Mwaka 1897 Alfred Reynolds wa Birmingham alipata hataza ya bomba lenye ukuta mnene mwishoni na mwembamba katikati, ili ncha zinazoingia kwenye soketi zihimili joto na mzigo. Lilikuwa bomba la baiskeli, lakini kampuni iliyotokana na familia hiyo ndiyo iliyokuja kuziokoa pikipiki, hasa baada ya 1935 ilipotoa bomba la chuma chenye manganizi na molibdeni lililojulikana kwa namba 531.

Ujerumani ilijaribu njia tofauti. Kampuni ya BMW ilipoona mabomba yake hayastahimili injini kubwa za miaka ya 1920, hasa pikipiki ikifungiwa kigari cha abiria pembeni, iliyaacha kwa muda na kutumia bamba za chuma zilizokandamizwa kwa mashine, katika modeli za R11 na R16 za mwaka 1929. Zilikuwa nzito na hazikuvutia macho. Kufikia 1936, katika modeli ya R5, BMW ilikuwa imerudi kwenye mabomba, safari hii yakichomelewa kwa umeme bila soketi.

Uingereza iliendelea na soketi, na uwanja wake wa kuzijaribia fremu ulikuwa Isle of Man. Mashindano ya TT yalianza huko mwaka 1907, na tangu 1911 yakapelekwa kwenye barabara ya mlimani ambayo mzunguko wake mmoja ni zaidi ya kilomita 60 za kuta za mawe, madaraja na matuta. Kampuni ya Norton ya Birmingham ilishinda huko mara nyingi kuliko washindani wake katika miaka ya 1930, ikitumia injini ya silinda moja iliyonolewa na mhandisi Joe Craig. Fremu yake haikunolewa kwa kiwango hicho. Kutoka nusu ya pili ya muongo huo Norton za mashindano zilifungwa springi za wima nyuma, na fremu hiyo ikapewa jina la utani la Garden Gate. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, injini zilipoendelea kuongezwa nguvu, fremu hizo zilianza kukatika. Kwa kiwanda kilichotegemea ushindi ili kuuza pikipiki, hiyo haikuwa aibu ya kifundi tu.

Suluhisho lilitoka Belfast. Rex McCandless alikuwa fundi aliyejifunza kwa mikono bila digrii ya uhandisi. Yeye na nduguye Cromie walikuwa wakijitengenezea fremu zao na kuuza springi za nyuma za kufungwa kwenye pikipiki za watu wengine. Mwaka 1949 Norton ilimpa Rex kazi ya kubuni fremu mpya. Alichokibuni ni rahisi kueleza, na labda ndiyo sababu wengi walishangaa hakikubuniwa mapema. Mabomba mawili marefu ya 531, kila moja likiwa na kipenyo cha karibu milimita 32 na ukuta wa milimita 1.6 hivi, yalikunjwa kuwa vitanzi viwili vinavyosimama sambamba. Kila kitanzi kilianzia sehemu ya chini ya shingo, kikapita chini ya tangi kuelekea nyuma, kikashuka nyuma ya giaboksi, kikarudi mbele chini ya injini, kikapanda na kuishia sehemu ya juu ya shingo. Mabomba ya kila upande yalipishana karibu na shingo, yakaishika juu na chini kwa mpigo. Mzigo wa uma wa mbele haukuishia tena kwenye ukingo wa soketi moja. Uligawanyika katika mabomba manne. Fremu nzima ilikula mita 12 hivi za bomba, na soketi hazikuwepo.

Bracebridge Street, makao ya Norton, hapakuwa na uwezo wa kuichomelea fremu ya namna hiyo. Kazi ilipelekwa Reynolds, upande mwingine wa Birmingham, kwa Ken Sprayson, fundi ambaye katika miaka iliyofuata alikwenda Isle of Man mwaka baada ya mwaka kuwatengenezea washindani fremu na matangi yao. Kiwanda kilichokuwa kikijivunia kushinda TT kililazimika kununua fremu zake nje.

Majaribio yalifanyika Montlhéry, kusini mwa Paris, kwenye uwanja wa zege wenye kona zilizoinuka, uliofunguliwa mwaka 1924. Uwanja huo ulichaguliwa kwa sababu ulijulikana kwa kuvunja fremu, na Garden Gate ilikuwa imevunjika hapohapo. Zege lake lilikuwa limechakaa na lilikuwa na viungo vilivyoinuka, na kwenye kona za juu mwendo huikandamiza pikipiki chini huku viungo hivyo vikiigonga kutoka chini. Madereva wanne walipokezana kwa siku mbili, injini ikiwa wazi mpaka mwisho. Injini mbili zilikufa. Fremu haikukatika. Mnamo Aprili 1950 Geoff Duke alishinda nayo huko Blandford, kusini mwa Uingereza, na Juni mwaka huo Norton ikachukua nafasi tatu za kwanza katika mbio zote mbili kubwa za TT: Artie Bell aliongoza daraja la 350 cc, Duke akaongoza la 500 cc. Harold Daniell, mmoja wa madereva wa timu, aliifananisha na kitanda cha manyoya ya ndege, na jina la Featherbed likabaki.

Fremu hiyo nayo haikukosa ufa. Ilipoletwa barabarani chini ya injini ya silinda mbili ya Dominator, sehemu ya nyuma inayobeba kiti ilikuwa imefungwa kwa bolti, na kuanzia 1955 ikabidi ichomelewe moja kwa moja kwenye vitanzi. Lakini shingo ilishika, na kwa miaka mingi vijana wa Uingereza waliitafuta fremu ya Norton ili waitie injini ya Triumph, jambo linaloeleza vizuri sifa ya fremu za Triumph wenyewe.

Wakati huohuo maana ya usalama wa mpanda pikipiki, kwa serikali na kwa madaktari, ilikuwa kichwa chake, wala si mashine iliyo chini yake. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Eric Gardner, daktari wa uwanja wa mbio wa Brooklands, alibuni kofia ya turubai na gundi ngumu, na mwaka 1914 ikawa lazima katika TT. Mei 1935 T. E. Lawrence, yule askari na mwandishi aliyejulikana kwa vita vya jangwani Uarabuni, alianguka na pikipiki yake ya Brough Superior alipokuwa akiwakwepa wavulana wawili wa baiskeli, akafa siku sita baadaye kwa majeraha ya kichwa. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, daktari wa upasuaji wa ubongo. Vita vya pili vilipoanza na askari wa kupeleka ujumbe kwa pikipiki wakaanza kufa wengi barabarani, Cairns alichapisha mwaka 1941 utafiti ulioonyesha faida ya kofia ngumu, na jeshi likaifanya lazima. Raia walisubiri hadi Juni 1973. Hakuna kosa katika kazi hiyo ya Cairns, ambayo imeokoa maisha mengi kuliko fremu yoyote iliyowahi kubuniwa. Hata hivyo iliacha pengo: daktari alihesabu vichwa vilivyopasuka, na hapakuwa na ofisi iliyokuwa na kazi ya kuhesabu shingo za chuma zilizokatika.

Triumph ilikuwa na kiwanda Meriden, karibu na Coventry, na mkuu wake alikuwa Edward Turner, mtu mwenye jicho la umbo zuri na mkono mgumu kwa kila gramu na kila peni. Mwaka 1937 alitoa Speed Twin ya 500 cc, injini ya silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, pistoni zake zikipanda pamoja na kushuka pamoja. Iliuzika sana, na karibu kila kiwanda cha Uingereza kikaiga. Kasoro yake ilikuwa kwamba pistoni mbili zinazokwenda pamoja hutikisa kama pistoni moja kubwa, na kadiri injini inavyokua na kuzunguka kwa kasi, mtikisiko huongezeka haraka kuliko nguvu. Soko la Marekani lilitaka ukubwa. Mwaka 1949 Triumph ilizindua Thunderbird ya 650 cc kwa kuziendesha tatu huko huko Montlhéry maili 500 kwa wastani wa zaidi ya maili 90 kwa saa. Mwaka 1959 ikaja Bonneville, injini ileile yenye kabureta mbili.

Kwa modeli za 1960 Triumph iliipa 650 fremu mpya yenye mabomba mawili yanayoshuka mbele badala ya moja. Kwa mtazamaji ilionekana imara zaidi. Nyuma ya shingo, hata hivyo, palikuwa na bomba moja tu la juu, na hapakuwa na bomba la pili chini ya tangi la kulisaidia. Shingo ilikuwa imeshikwa vizuri chini na vibaya juu, kwa hiyo kila mshtuko wa gurudumu la mbele uliikunja kwenye mshono uleule. Barabarani Uingereza kasoro hiyo ilichukua muda kujionyesha. Marekani, ambako Bonneville ilipelekwa jangwani na kurushwa juu ya matuta ya mchanga, haikuchukua muda. Fremu zilikatika chini ya shingo, na mwaka 1960 katika mashindano ya Big Bear huko California dereva mmoja alipoteza maisha.

Triumph iliongeza bomba la pili la mlalo chini ya tangi, na shingo ikatulia. Mtetemo haukutulia. Fremu iliyokazwa haikuumeza tena kwa kunepa, nao ukahamia kwenye tangi la mafuta, ambalo lilianza kupasuka pamoja na mkanda wake. Tangi linalovuja petroli juu ya injini ya moto si nafuu kubwa kwa dereva. Modeli za 1963 zikaja na fremu mpya kabisa, yenye bomba moja nene mbele, injini na giaboksi vikiwa kasha moja, na Doug Hele, mhandisi aliyetoka Norton, akatumia miaka kadhaa kurekebisha pembe ya shingo na ukakamavu wa mkono wa nyuma. Kwa hiyo fremu ya mabomba mawili ilidumu misimu mitatu tu.

Norton wenyewe, waliokuwa na fremu bora kuliko wote, ndio walioiacha. Kampuni mama ilianguka mwaka 1966, ikanunuliwa na kuwa Norton Villiers chini ya Dennis Poore, ambaye mwaka 1967 alimleta Dr Stefan Bauer kutoka Rolls-Royce kuongoza uhandisi. Injini ya Norton ilikuwa imefika 750 cc, na ndani ya Featherbed ilitikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Bauer hakuipenda Featherbed kwa misingi ya nadharia. Yeye, Bernard Hooper na Bob Trigg walijenga pikipiki mpya kuzunguka bomba moja nene la juu, lenye kipenyo cha milimita 57 hivi, kwa sababu bomba nene hukataa kusokoteka kuliko mabomba membamba ya uzito uleule. Injini, giaboksi na mkono wa nyuma viliunganishwa kuwa kitu kimoja, kikaning'inizwa kwenye fremu kwa mpira. Mtetemo ukabaki na injini. Dereva akapata usukani mtulivu. Pikipiki hiyo, Commando, ilionyeshwa London Septemba 1967 na kuanza kuuzwa 1968.

Fremu za kwanza zilipinda na kukatika shingoni. Bomba lile nene lilikuwa na nguvu kubwa lenyewe, lakini liliishia kwenye shingo kwa mshono mmoja wa duara, na sahani za kuliimarisha zilifanya kama zilivyofanya soketi za zamani: zilikusanya mzigo pale zilipoishia. Dawa ilikuwa ndogo kwa aibu. Kutoka Januari 1969 fremu mpya iliongezwa bomba jembamba la mlalo, likitoka chini ya shingo na kwenda nyuma chini ya bomba kubwa. Ni karibu dawa ileile ambayo Triumph ilikuwa imeinunua miaka minane au tisa kabla, kwa gharama ya uhai wa mtu. Viwanda hivyo vilijuana, wahandisi wao walihama kutoka kimoja kwenda kingine, na vyote vingeweza kutumia barabara za mawe za kituo cha utafiti wa magari cha MIRA karibu na Nuneaton, kilichoanzishwa 1946. Vifaa vya umeme vya kupimia mvutano wa chuma vilikuwapo tangu 1938. Kisichokuwapo ni mazoea ya kuvitumia kabla mteja hajazijaribu fremu kwa mwili wake.

Commando ilirekebishwa, ikapendwa. Wasomaji wa gazeti la Motor Cycle News waliichagua pikipiki bora ya mwaka mara tano mfululizo, 1968 hadi 1972. Ile mipira iliyomletea dereva raha ilimletea pia kazi mpya. Kati ya kila kishikizo cha mpira na fremu palitakiwa nafasi ya robo milimita tu, ikipangwa kwa kuweka vijibati vyembamba. Vijibati vikila kutu au mipira ikichakaa, nafasi huongezeka, na kwa kuwa gurudumu la nyuma limefungwa kwenye injini, wala si kwenye fremu, gurudumu hilo huanza kujiendesha lenyewe kwenye kona za kasi. Kuzipanga upya ilikuwa kazi ya kuchosha ambayo wengi waliiahirisha. Kirekebishi cha kuzungusha kwa spana kilikuja mwaka 1975, kampuni ikiwa tayari taabani.

Fremu ya mwisho ya kukumbukwa katika kundi hili haikuua kwa kukatika. BSA, iliyokuwa imeinunua Triumph tangu 1951, ilikuwa na kituo cha utafiti katika jumba la kifahari la Umberslade Hall. Huko ndiko ilikobuniwa fremu ya 1971, yenye bomba nene la juu lililotumika pia kama tangi la oili. Ilikuwa imara. Michoro ilichelewa kufika Meriden, mafundi wakakaa miezi bila pikipiki za kuunda, na ilipofika waligundua kwamba injini haiingii ndani ya fremu bila kufunguliwa sehemu za juu. Kiti kilikuwa juu sana, zaidi ya sentimita 80, kiasi kwamba wanunuzi wengi hawakuweza kukanyaga chini kwa miguu yote miwili, jambo ambalo nalo ni la usalama kwa anayesimama kwenye taa za barabarani na pikipiki ya kilo 170 au zaidi. Msimu wa mauzo ukapotea Marekani, na mwaka 1973 BSA ikamezwa na Norton kwa mpango wa serikali.

Kuhusu nani abebe jukumu, mabadiliko yalianzia Marekani. Kitabu cha Ralph Nader cha 1965 juu ya hatari za magari ya nchi hiyo kilichochea sheria ya usalama ya Septemba 1966, iliyowataka watengenezaji kuwaarifu wamiliki pale kasoro ya usalama inapogundulika. Marekebisho ya 1974 yaliwalazimisha pia kutengeneza bure. Pikipiki ziliingia humo pamoja na magari. Uingereza ilikubaliana na watengenezaji juu ya utaratibu wa hiari mwaka 1979. Kabla ya hapo fremu mbovu ilirekebishwa kimyakimya: modeli ya mwaka unaofuata ilikuja na bomba la ziada, na aliyenunua ya mwaka uliopita aliendelea kuiendesha, pengine asijue.

Ukubwa halisi wa tatizo ulipimwa baadaye. Mwaka 1981 Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki zilizochunguzwa papo hapo Los Angeles. Hitilafu za chombo zilichangia chini ya asilimia 3, na nyingi kati ya hizo zilikuwa pancha. Katika ajali zilizohusisha gari jingine, mara mbili kati ya tatu dereva wa gari ndiye aliyevunja haki ya njia. Takwimu hizo huwapa wahandisi wa fremu afueni ambayo hawaistahili sana. Zilikusanywa miaka kadhaa baada ya kipindi kibaya, wakati barabara za California zilijaa pikipiki za Japani, na zinahusu mji wa lami nzuri. Tena dereva anaweza kujifunza kumwangalia mwenye gari. Dhidi ya ufa ulio chini ya rangi hana la kujifunza njiani.

Alumini ilipoanza kuchukua nafasi ya chuma kwenye pikipiki za kasi katika miaka ya 1980, tatizo lilirudi kwa sura nyingine. Wöhler alikuwa ameonyesha kwamba chuma kina kiwango cha mzigo ambacho chini yake hakichoki kamwe. Alumini haina kiwango hicho. Kila mtikisiko hupunguza kitu, hata ukiwa mdogo, na mbunifu lazima aipe unene wa kutosha kuumaliza umri wa pikipiki. Suzuki iliziita GSX-R1000 za 2005 na 2006 zirudishwe kwa sababu fremu iliweza kupata ufa karibu na shingo kwa pikipiki zilizoendeshwa kwa ukali, kama vile kunyanyuliwa gurudumu la mbele mara kwa mara. Tiba ilikuwa kuongeza kiimarishio. Tofauti na 1960, safari hii wamiliki waliandikiwa barua.

Pikipiki za bodaboda za Afrika Mashariki, nyingi za 100 hadi 150 cc, hazina injini ya kuvunja fremu. Kinachozivunja ni mzigo. Fremu iliyohesabiwa kwa dereva na abiria mmoja hupakiwa mishikaki ya watu watatu, au keria ndefu yenye magunia nyuma ya ekseli, mzigo ambao hulipunguzia uzito gurudumu la mbele na kuikunja fremu chini ya kiti. Ufa ukionekana, fundi wa kuchomelea huufunika kwa mshono na kipande cha bamba. Mshono uliowekwa juu ya ufa usiosagwa mpaka mwisho wake huuacha ufa ukiwa hai ndani, na bamba lililokatwa mraba huanzisha ufa mpya mwishoni mwake. Kazi nzuri huanza kwa kutoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa, kuusaga wote, kuchomelea, kisha kuweka bamba lililochongwa ncha ili mzigo ushuke taratibu. Shingoni hata kazi nzuri haitoshi, na fremu hubadilishwa. Wamiliki wengi huikwepa hatua hiyo, na si kwa bei peke yake: namba ya chesisi kwa kawaida hupigwa kwenye shingo, hivyo fremu mpya ni namba mpya, na namba mpya lazima ipelekwe kwenye usajili, TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya, pamoja na risiti zake zote.